Lukasa haikuandikwa, lakini ilisomwa

Katika kozi ya jioni ninayoifuata hapa Liège, Ubelgiji, tulifundishwa kwamba maana haikai katika maneno peke yake, bali picha, rangi, sauti na mwendo wa mkono navyo vinasema. Walitajwa wataalamu Gunther Kress na Theo van Leeuwen na maandishi yao ya mwaka 1996. Ninawaheshimu, kwani walilipanga jambo hili vizuri sana. Kilichoniuma ni kuona darasa zima likilipokea kama habari mpya.

Sisi wa Katanga, kule Kongo, tumekulia humo. Waluba walikuwa na lukasa, ubao wa mti unaotosha mkononi, uliojaa shanga na nakshi. Mjuzi wa Mbudye, chama cha watunza historia, aliupapasa kwa kidole huku akisimulia au kuimba habari za wafalme, na ushanga uleule uliweza kusomwa kwa namna nyingine kufuatana na waliokuwa wakimsikiliza. Kidole, jicho na sauti vilishirikiana. Ukiondoa kimoja, historia inakwama.

Halafu yuko mchoraji wetu Tshibumba Kanda Matulu. Mwaka 1973 na 1974 alichora historia ya Zaire, ndiyo Kongo ya leo, kwa picha zaidi ya 100, akatia maneno ya Kifaransa ndani ya picha zenyewe, kisha akamweleza mwanaanthropolojia Johannes Fabian kila moja kwa Kiswahili chetu, maelezo yakarekodiwa. Anayeitazama picha bila kuyasikia maelezo hayo amepata kipande tu.

Najua nitakavyojibiwa: "Wewe uko Ulaya, umeme haukatiki, unatusifia shanga." Ndugu zangu, simdharau mtu, na wala sisemi kwamba wenyeji wa hapa hawana elimu, wao angalau wanaitunza, hata ile iliyo yetu. Picha za Tshibumba leo ziko katika jumba la makumbusho Uholanzi, na kijana wa Katuba, mtaa wa Lubumbashi, anayetaka kuziona aanze kwa kutafuta viza. Hasira yangu inarudi nyumbani pia, kwa sababu shule niliyosoma ilitufundisha kunakili ubao wa Kifaransa kimyakimya, na sikumbuki siku hata moja lukasa ilipotajwa.

Mwingine atasema kwamba picha zile zilikuwa biashara ya kuwauzia wazungu. Sikubali. Zile za ukumbusho, kama ile ya askari akimchapa mfungwa viboko wakati wa Wabelgiji, zilitundikwa sebuleni mwa watu wetu wenyewe, na mgeni alipoitazama, wazee walianza kusimulia mambo ambayo hakuna kitabu cha shule kilichothubutu kuyagusa.

Ninachodai si kikubwa: mtoto wa Lubumbashi anayejibu swali la historia kwa kuchora na kuisimulia picha yake kwa Kiswahili apewe alama sawa na aliyeandika insha ya Kifaransa. Anayeona kwamba hayo ni majivuno ya mtu wa ng'ambo anieleze ni kipi atakachopoteza mtoto huyo.