Makonyo, mwarobaini na minyoo ya mizizi ya tungule

Mkulima wa Unguja au Pemba anapong'oa tungule zilizodumaa ilhali maji na mbolea havikukosekana, huenda akakuta mizizi imejaa mafundo. Si mafundo ya mkunde, ambayo yana faida na hubanduka kwa ukucha. Haya hayabanduki, kwani ni mzizi wenyewe uliovimba baada ya kuingiliwa na minyoo fundo, viumbe ambao wakiwa wachanga hawafiki hata urefu wa nusu milimita.

Wanaotetea dawa za mimea wana hoja nzito. Yujenoli, inayoipa karafuu harufu yake, ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, yanayotengenezwa Wawi, Pemba, na katika maabara imeonekana kuzuia mayai ya minyoo hawa yasianguliwe na kuwaua wachanga wao. Mwarobaini nao una azadiraktini, kemikali yake inayodhuru wadudu. Upande wa pili, wa dawa za viwandani, gesi ya methili bromidi iliyokuwa ikifukizwa ardhini imeondolewa kwa Mkataba wa Montreal wa 1987 kwa kuharibu tabaka la ozoni, na kabofurani, dawa ya kuulia wadudu na minyoo, inajulikana kwa kuua ndege. Katika ardhi ya maweni, ambako maji hupenya upesi hadi visimani, sumu kama hizo si za kuchezea.

Hata hivyo, sahani ya maabara si konde. Sahanini mnyoo huogelea ndani ya dawa. Udongoni yujenoli huyeyuka hewani, hunasa kwenye mboji na huliwa na vijidudu, huku mnyoo jike akiwa amejificha ndani ya mzizi na mayai yake mamia yamefunikwa na utelezi. Ukizidisha kipimo, unaunguza miche, na si ajabu kwamba nchi nyingine huuza mafuta ya karafuu kama dawa ya kuulia magugu. Hapo ndipo watetezi wengi hunyamaza. Tena neno "asili" halina dhamana yoyote, kwani nikotini ya tumbaku nayo ni ya asili na humuua mtu.

Mashudu ya mwarobaini ni jambo jingine. Yakifukiwa wiki kadhaa kabla ya kupandikiza, huoza, hutoa amonia na kuwalisha kuvu na bakteria, ambao baadhi yao huwashambulia minyoo. Je, sifa ni ya azadiraktini au ya kuoza kwenyewe? Ni vigumu kuvitenganisha, na kwa mkulima haina uzito mkubwa. Kwa muuza dawa ya chupa ina uzito wote.

Kwa hiyo, kama kuna la kujaribiwa Kizimbani, kwenye taasisi ya utafiti wa kilimo, naona si mafuta, ambayo yana soko lake, bali makapi ya makonyo yaliyokwishatolewa mafuta: yafukiwe tutani mapema, tuta la jirani liachwe bila makapi, na mwisho wa msimu mizizi ya matuta yote mawili ing'olewe, ioshwe na ihesabiwe mafundo.