Figo za Mtoto: Jeni Siku ya Kwanza, au Kijiti na Daftari?

Uvimbe huanzia machoni. Mtoto anaamka kope zimejaa, jioni zimenywea, ila soksi imemchora mstari mguuni. Nyumbani mmoja anasema ananenepa, mwingine anasema mzio, siku zinakwenda. Chemsha mkojo wake kidogo kwenye tyubu, unaganda mweupe kama ute wa yai: ni protini iliyotakiwa ibaki kwenye damu. Ndiyo sindromu ya nefrotiki, na swali la mzazi huwa lilelile: figo zitafeli?

Jibu tulilozoea linatokana na utafiti wa kimataifa uliotolewa mwaka 1978 na 1981. Watoto zaidi ya 7 kati ya 10 walikuwa na aina ambayo figo, zikitazamwa kwa hadubini ya kawaida, zinaonekana karibu nzima, na 93 kwa 100 ya hao waliitikia steroidi. Kanuni ikawa: mpe prednisoloni, ambayo ni steroidi, subiri wiki nne hadi sita. Aliyeitikia, hata ugonjwa ukimrudia kila mafua, figo zake kwa kawaida hudumu. Aliyegoma ndiye wa kuhofiwa.

Wanaotaka utabiri wa mapema, yaani mtoto apimwe jeni siku ya kwanza, hawasemi ovyo. Prednisoloni si maji: mashavu yanajaa, njaa haishi, presha inapanda, na mtoto anayeitumia muda mrefu hudumaa. Tena kati ya wanaogoma, karibu 3 kwa 10 wana kasoro ya jeni moja, kama NPHS2 iliyotambuliwa mwaka 2000, na kwa wengi wao dawa za kushusha kinga hazifui dafu. Ukilijua hilo unamwokoa na sumu ya bure. Unajua pia kwamba akipandikizwa figo, ugonjwa kwa kawaida haumfuati.

Hoja hiyo naikubali, lakini kwa mtoto aliyekwisha kugoma. Kumpima jeni kila anayevimba ni kutafuta wachache kwa gharama ya wengi, na mara nyingi jibu linakuja wakati steroidi imeshajibu yenyewe.

Halafu utabiri umejengwa juu ya watoto wa nani? Durban, Afrika Kusini, miaka ya 1970, watoto wenye asili ya Kihindi waliifuata kanuni ile vizuri, watoto Waafrika wengi hawakuifuata. Uganda, Profesa Kibukamusoke alieleza nefrotiki iliyofungamana na malaria ya kwatani (ile ambayo homa yake hurudi kila baada ya saa 72), na steroidi haikuisaidia nefrotiki hiyo. Leo nefrotiki ya namna hiyo haionekani kama zamani. Daktari aliyetabiri Kampala mwaka 1970 angekosea akitabiri vilevile sasa. Hata jeni ya APOL1, iliyohusishwa na ugonjwa wa figo mwaka 2010, ina mtego wake: aina zake za hatari zimejaa Afrika Magharibi, na wengi wanaobeba nakala mbili za aina hizo hawaugui figo maisha yao yote. Mwambie mama hilo siku ya kwanza, umempa hofu isiyo na dawa.

Kuna hatari nyingine ambayo mjadala huu wa maabara huipita haraka mno: figo kuzimika ghafla ndani ya siku chache. Hiyo inatabirika bila mashine. Mtoto ana homa, anaharisha na kutapika, mtu anampa dawa za kukojoza kwa sababu amevimba, ilhali maji yamejaa mwilini na mishipa imekauka. Juu yake anachomwa diklofenaki, dawa ya maumivu inayoweza kuumiza figo. Programu za kompyuta zinazokokotoa hatari hii zinatumia mambo hayohayo: maambukizi, dawa zinazoumiza figo, kugoma kwa steroidi. Muuguzi makini anayaona mlangoni.

Kwa hiyo ningekuwa na fedha kidogo, ningenunua kwanza vijiti vya kupima protini kwenye mkojo. Mama anachovya asubuhi, analinganisha rangi na chati ya kwenye kopo, anaandika daftarini, alama zaidi zikimaanisha protini zaidi: +++, +++, ++, hakuna. Siku tatu mfululizo za "hakuna", mtoto ametulia. Siku tatu za +++ zikirudi, anapiga simu kliniki kabla kope hazijavimba.