Magofu ya Pemba kwenye kompyuta: paa limetoka wapi?

Kuyasimamisha upya magofu kwenye kompyuta si jambo geni tena. Unachukua ramani za uchimbaji wa wanaakiolojia, vipimo vya kuta na picha za mahandaki waliyochimba, unatengeneza msikiti mzima wa pande tatu. Mwanafunzi wa Wete ataizunguka Ras Mkumbuu, rasi yenye magofu ya mji wa kale kisiwani Pemba, kwa simu bila kupanda mashua. Sina ugomvi na hilo. Mizizi inazidi kupasua kuta, na haisubiri bajeti.

Shaka yangu inaanzia pale ukuta unapoishia. Mwanaakiolojia James Kirkman alichimba Ras Mkumbuu miaka ya 1950, mwenzake Mark Horton akafuata miaka ya 1980. Uchimbaji hueleza vizuri ya chini: msingi, sakafu ya chokaa, matundu ya nguzo. Paa liliporomoka zamani, kwa hiyo mchoraji itabidi alitoe mahali.

Si ramli tupu, tuseme kweli. Boriti ya mkoko ina urefu wake, ndiyo maana vyumba vya mawe vya pwani yetu ni vyembamba, mita 3 hivi au pungufu, na ukumbi mpana wa msikiti hudai safu za nguzo katikati. Ukikuta vitako vya nguzo handakini, umeshajua boriti zilipita wapi. Lakini kimo cha dari je? Madirisha? Hapo watu huazima magofu ya pwani kwingine, Kilwa au Gedi, na msikiti wa Pemba unavishwa kanzu ya mwenyewe mwingine.

Linaloniudhi zaidi ni majani yanayochorwa palipokuwa na nyumba. Chwaka, kaskazini mwa Pemba, misikiti na makaburi yalijengwa kwa mawe, ila nyumba nyingi zilikuwa za udongo, fito na makuti. Hizo huacha alama hafifu ardhini, na kwenye skrini mahali pake hupakwa kijani. Mji wenye watu unageuka bustani yenye msikiti.

Pujini nako, magofu mengine ya Pemba alikochimba mwanaakiolojia Adria LaViolette miaka ya 1990, wazee husimulia kuwa kisima cha Mkama Ndume, mtawala wa zamani wa hapo, kiligawanywa kwa ukuta ili wake zake wawili wasikutane. Jembe la mchimbaji linaweza kuonyesha ukuta, wake halitawaonyesha. Mimi ningeiweka hadithi kama sauti ya wazee, kando ya mchoro.

Beit al-Ajaib, jumba la masultani mjini Zanzibar, ni habari nyingine. Sehemu yake ilianguka tarehe 25 Desemba 2020, lakini picha zake zipo tangu enzi za masultani, kwa hiyo la kukisia ni dogo.

Kwa magofu, dawa ni rangi mbili: jiwe lililoonekana rangi moja, la kukisia nyingine iliyofifia. Wafadhili hawatapenda, maana picha haitapendeza kwenye bango. Potelea mbali. Na makumbusho ya Chake Chake yapewe michoro ya handakini pamoja na modeli, si video tu, ili Mpemba asiyekubaliana na paa lile aweze kuchora la kwake.