Lori moja, jenereta mbili

Jenereta za dharura za kituo cha nyuklia hutenganishwa kwa makusudi. Kila moja ina chumba chake, nyaya zake, betri zake na tangi lake la dizeli, ili moto ukizuka upande mmoja, upande wa pili uendelee kusukuma maji ya kupoza kinu. Kitu kimoja tu hakijali kuta hizo, nacho ni mafuta. Lori lililojaza tangi la kwanza asubuhi huenda ndilo litakalojaza la pili mchana, na kama limebeba uchafu, limeupeleka kote kuwili.

Masharti ya kupima dizeli hiyo, ambayo kwa nje yanafanana na kazi ya karani, yana utetezi mzuri na upinzani mzuri pia. Nichukue ya Marekani, kwa kuwa yameandikwa wazi. Tume ya Kudhibiti Nyuklia (NRC) ilitoa mwongozo wake namba 1.137 mwishoni mwa miaka ya 1970 na kuufanyia marekebisho mwaka 2013. Leseni za kawaida hudai kila jenereta iwe na mafuta ya siku 7 ikibeba mzigo wa ajali. Kabla ya mafuta mapya kumiminwa, sampuli hupimwa msongamano, mnato na joto ambalo mvuke wake hushika moto, kisha huangaliwa kama ni maangavu na hayana maji wala mashapo. Vipimo vingine vya maabara hupewa takriban mwezi. Mafuta ambayo tayari yamo tangini huchukuliwa sampuli kila siku 31, na chembechembe hazitakiwi kuzidi miligramu 10 kwa lita.

Wanaoendesha vituo hulalamikia zaidi kipimo hicho cha mwisho, na hawana hoja nyepesi. Chembechembe zikizidi 10, kituo kina siku 7 kurekebisha. Zisiporekebishwa, jenereta huhesabiwa kuwa haifai, na muda wa pili huanza kuhesabiwa, kwa kawaida saa 72, kuelekea kuzima kinu. Yote haya wakati injini yenyewe, ukiiwasha, ingeunguruma bila tatizo. Maelezo ya NRC yanayoambatana na masharti hayo yanakiri kwamba kuzidi kiwango hakumaanishi mafuta hayatawaka vizuri, na kwamba chembechembe hubadilika polepole. Chupa ya sampuli ambayo haikusafishwa vizuri yaweza kuleta kizaazaa kizima. Kuzima kinu nako si jambo la bure: ni mabadiliko makubwa ya mfumo mzima, na mabadiliko ndipo makosa hupata nafasi.

Nikisikia hoja hiyo huwa nakaribia kukubali, mpaka nipige hesabu. Jenereta hujaribiwa mara moja kwa mwezi, angalau saa 1 ikiwa na mzigo. Hizo ni saa 12 kwa mwaka. Ongeza jaribio la saa 24 ambalo kwa kawaida hufanywa kila miezi 18, yaani saa 16 kwa mwaka. Jumla ni saa 28. Tangi lina mafuta ya saa 168. Kwa mwendo huo lingechukua miaka 6 kumalizika, kama halingekuwa linaongezewa. Ndani ya muda huo dizeli inakutana na hewa na kutengeneza utomvu, unyevu unageuka matone kwenye kuta na kutuama chini, na pale maji yanapokutana na mafuta, bakteria na kuvu hupata makazi.

Jaribio la saa moja halionyeshi lolote kati ya hayo. Injini hunywa kutoka tangi dogo lililo karibu nayo, na mashapo ya tangi kubwa yanabaki yametulia. Yatatibuliwa siku jenereta itakapofanya kazi mfululizo na kiwango cha mafuta kushuka, na hapo vichujio vitaanza kuziba. Kujaribu injini, kwa hiyo, si kupima mafuta.

Tena mafuta yenyewe yamebadilika. Dizeli ya barabarani nchini Marekani ilianza kushushwa salfa hadi sehemu 15 kwa milioni mwaka 2006. Tangu 2008, kiwango cha ASTM, shirika la viwango, cha dizeli ya kawaida kinaruhusu bayodizeli (dizeli itokanayo na mafuta ya mimea au wanyama) hadi asilimia 5, bila mnunuzi kulazimika kuambiwa. Bayodizeli huvuta maji na hubandua uchafu wa zamani ulioshikamana na kuta za tangi. NRC ilitoa tahadhari mwaka 2009. Lakini msongamano, mnato na joto la kushika moto haviwezi kuitambua asilimia 5 kwa uhakika, kwa hiyo kituo kisichoamua kuitafuta hakitaiona.

Upande wa wanaotetea masharti makali nao una la kukiri: ajali zinazotajwa sana hazikutokana na mafuta machafu. Fukushima, Japani, mwaka 2011 ilikuwa maji ya bahari. Forsmark, Uswidi, mwaka 2006, jenereta 2 kati ya 4 zilishindwa kutoa umeme kwa sababu ya hitilafu ya umeme wenyewe. Ndiyo maana sioni ubaya wa utaratibu ambao NRC iliufungua mwaka 2009, wa vituo kuomba kusimamia vyenyewe vipindi vya ukaguzi. Tangi lenye rekodi safi ya miaka mingi laweza kusubiri zaidi ya siku 31.

Kwenye lori ndipo nisingelegeza. Mwishoni mwa Septemba 2025 kituo cha Zaporizhzhia, Ukraine, kilipoteza umeme wa nje na kutegemea jenereta kwa takriban mwezi mzima, ingawa vinu vyake vyote 6 vilikuwa vimezimwa. Katika hali kama hiyo akiba ya siku 7 huisha, na malori lazima yaendelee kuingia. Majibu ya maabara yanayoruhusiwa kuchukua mwezi yatafika mafuta yakiwa yameshaungua. Kipimo kinachobaki na maana ni kile cha dakika chache, kinachofanywa kabla bomba la lori halijafunguliwa.