Mvua ya Mawe, Sakitu na Kopo la Mjomba

Watu wa Isyonje, huku milimani Mbeya, wanaijua sauti moja ambayo mtu wa Dar es Salaam anaweza kuzeeka bila kuisikia: ule mngurumo unaotoka upande wa mlima dakika chache kabla mvua ya mawe haijafika. Si radi. Radi hupiga ikanyamaza, huu haunyamazi. Ni kama lori linamwaga kokoto mahali usipopaona, na mzigo hauishi.

Nilikuwa darasa la tatu, nimepelekwa likizo kwa mjomba, tunapalilia viazi. Mjomba akasimama, akatazama juu, milima ya Mporoto. Wingu lilikuwa jeusi chini, na ndani yake kulikuwa na rangi ya kijani kama ya maji ya bwawa. Akasema, "Mjomba, acha jembe hapo hapo. Kimbia."

Tulifika chini ya bati na mawe nyuma yetu. Kwa robo saa hatukusikilizana. Ilipokatika, uwanja wote ulikuwa mweupe na hewa imekuwa ya baridi ghafla, inanukia majani yaliyopondwa. Mawe mengi yalikuwa kama gololi, machache kama ndimu. Nikaokota moja kubwa, nikalipasua kwa kisu cha jikoni: ndani lilikuwa na duara juu ya duara, jeupe, angavu, jeupe tena, kama kitunguu. Nililishika mpaka likayeyuka lote kiganjani. Mjomba hakuyaangalia mawe. Alikuwa amesimama kwenye kona ya shamba, viazi vimebaki vijiti, hakuna jani hata moja. Siku ile ile, uwanja ule ule, mimi nilipata kitu cha kupenda maisha yangu yote na yeye alipoteza msimu.

Nimeishi na mambo hayo mawili tangu hapo, na sitaki kuchagua moja. Kuna wanaoniambia kushangilia dhoruba ni kuwakosea walioumizwa nayo. Mimi naona aliyevutiwa ndiye anayetazama, na anayetazama ndiye anayewahi kukimbia. Mjomba aliliona lile wingu kwa sababu alikuwa na mazoea ya kuinua uso kila baada ya mistari michache.

Baadaye nilielewa zile duara. Ndani ya wingu refu la dhoruba, linaloweza kupita kilomita kumi kwenda juu, upepo unapanda kwa nguvu na kuzuia chembe ya barafu isianguke. Chembe inazunguka huko juu kwenye matone ambayo ni baridi kuliko sifuri lakini hayajaganda. Yanapoigusa yanagandia, tabaka juu ya tabaka, mpaka inakuwa nzito kuliko upepo unaoibeba. Na kwa nini sisi tuipate zaidi kuliko Kyela, chini tu ya milima hiyo hiyo? Katika nchi za joto, hewa hufikia sifuri kwenye kimo cha kama mita 4,500 hadi 5,000. Isyonje iko juu ya mita 2,000. Jiwe la barafu linalotufikia sisi limepita njia fupi ya kuyeyukia. La Kyela lina safari ndefu, na mara nyingi linafika likiwa tone.

Sakitu, ile barafu nyembamba inayoganda juu ya majani usiku, ni habari nyingine, nayo haina kelele kabisa. Shangazi yangu ameolewa Njombe, ana kinyungu, bustani ya bondeni ya mboga na mahindi ya kiangazi. Huko wenyewe husema tu "barafu imepiga". Julai moja nililala kwake, anga safi, nyota nyingi mno, hakuna hata upepo. Alfajiri nyasi za bondeni zilikuwa zimevaa weupe kama chumvi, zinavunjika chini ya viatu. Jua lilipopanda, majani ya maharage yakalegea, yakawa meusi kama yamemwagiwa maji ya moto. Lakini mteremkoni, hatua chache juu, maharage ya jirani yalikuwa mazima. Usiku usio na mawingu ardhi inapoteza joto lake kwenda angani, na hewa iliyopoa ni nzito, inateremka kama maji na kutuama bondeni. Bonde linalotunza maji ya kinyungu ndilo hilo hilo linalotunza baridi.

Radi nitaisema kwa kifupi kwa sababu inaniuma. Nilipokuwa kijana ilipiga mlingoti, yaani mkaratusi, kileleni, ikaua ng'ombe wawili waliojikinga chini yake. Kabla ya jioni lawama ilikuwa imeshapata mlango, na mlango huo ulikuwa wa bibi mmoja mjane. Hakuna aliyeuliza kwa nini mlingoti mrefu kuliko yote, uliosimama peke yake kileleni, ndio uliopigwa. Umeme ukishuka kwenye mti husambaa ardhini, na ng'ombe ana miguu ya mbele na ya nyuma iliyo mbali, kwa hiyo unapanda huku na kutokea kule. Funika vioo, vua nguo nyekundu, sawa, sigombani na mtu. Ila ondoka chini ya mti, ingia ndani, na umwache bibi wa watu alale.

Basi ninachokitaka ni hiki. Mjomba alikuwa na kopo la maziwa ya unga, amelifunga kwa waya kwenye mti wa uzio, mbali na majani na paa. Kila asubuhi baada ya mvua alichovya kidole ndani. "Kidole kimoja, bado. Viwili, tunapanda." Kilikuwa kituo chake cha hali ya hewa. Nataka kila shule ya msingi ya milima hii iwe na kipima mvua chake, kisomwe kila siku saa tatu asubuhi kama wanavyofanya wataalamu, na daftari libaki pale pale hata mwalimu akihamishwa. Mamlaka ya Hali ya Hewa inatoa utabiri, na mimi huufuata. Lakini utabiri wa mkoa hauwezi kujua mgongo gani wa mlima umenyeshewa jana na upi umekosa, na huko ndiko tunakolima na kulala.

Milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita ya mraba. Milimita 50 kwenye ekari moja ni zaidi ya lita laki mbili. Mtoto wa darasa la tano anaweza kuipiga hesabu hiyo ubaoni, kisha akatazama mlima ulio nyuma ya kwao. Aprili 2024 mlima Kawetere uliteremsha tope hadi Itezi, hapa hapa jijini Mbeya, likafukia nyumba. Machi 2015 mvua ya mawe na upepo viliua watu zaidi ya 40 Mwakata, Kahama, wengi wakiwa ndani ya nyumba zao. Sisemi daftari lingewaokoa wote. Nasema jirani aliyeandika milimita za siku tano mfululizo ana neno la kuwaambia wenzake siku ya sita.

Mimi ninacho changu hapa Uyole, cha plastiki, na binti yangu ndiye msomaji. Wiki iliyopita alirudi ndani amelowa magoti, akasema, "Baba, arobaini na tatu." Nikampigia mjomba, nikijua atakuwa ameshachovya kidole.

"Huku kwetu?" akasema. "Vumbi tupu, mjomba. Tuliisikia tu ikipita."