Filamu za kwetu zisamehewe?

Ukisema filamu ya Kibongo imekuchosha, hapa Arusha utajibiwa hata hujamaliza sentensi: "Wewe unataka mambo ya Marekani, sisi hela hatuna." Jibu hilo nimelisikia ukumbini Aim Mall, nimelisikia kwenye hiace ya Sakina, na chalii anayewaingizia watu filamu kwenye flashi analitumia kama dhamana ya bidhaa zake. Na si jibu la kupuuza. Oppenheimer ya mwaka 2023, ya yule mwanasayansi wa bomu la atomiki, inatajwa kugharimu dola milioni 100. Mufasa, filamu ya simba ya Disney iliyotoka Desemba 2024, inatajwa kufika milioni 200. Mtayarishaji wa Dar hazipati hizo hata akiuza na nyumba ya babu yake.

Ila jibu lenyewe siku hizi linafunika kila kitu. Sauti inayokatika, jeshi la watu kumi na wawili, usiku ambao ni mchana uliopakwa bluu: hayo ni ya hela, nayasamehe. Mhusika anayetueleza kwa mdomo jambo tulilokwisha kuliona kwa macho, au hadithi inayomalizwa na ajali ya gari kwa kuwa mwandishi amekwama, hayo nayadai.

Kwa kipimo hicho iliyoniudhi zaidi ni Mufasa. Mwongozaji Barry Jenkins amepewa kila kinachonunulika. Manyoya unaweza kuyahesabu, na mafuriko yanayomtenga Mufasa mdogo na wazazi wake yanatisha kweli. Kisha mtoto analia, na unachokiona ni sauti ya kilio juu ya uso wa simba aliyeshiba. Hadithi ikipata moto tu, nguchiro Timon na ngiri Pumbaa wanakatiza kwa utani. Na jambo ambalo tulikwenda kuliona, jinsi Taka, rafiki wa Mufasa, anavyogeuka kuwa Scar, adui yake, linapita haraka kwa sababu ya wivu juu ya simba jike Sarabi, basi. Dola milioni 200, na usaliti mkuu umeandikwa kama wa tamthilia ya saa moja usiku.

Rafiki yangu anayeendesha watalii Serengeti aliitetea, na hoja yake ina uzito. Anasema madume wadogo hufukuzwa kundini wakiwa na miaka miwili, mitatu, na ni kawaida dume kuungana na mwenzake asiye ndugu wakazurura pamoja mpaka wapate kundi la kulitwaa. Kwa hiyo urafiki wa Mufasa na Taka si uzushi wa Hollywood, uko porini. Hilo nampa. Uso bado simpi.

The Woman King ya 2022 sitakaa nayo sana. Viola Davis na wenzake wanapigana mpaka unasahau bisi mkononi. Lakini inatuonyesha Mfalme Ghezo wa Dahomey, Benin ya leo, akishawishiwa kuachana na biashara ya watumwa na kugeukia mawese, mwaka 1823, wakati Ghezo wa kweli aliendelea kuuza watu miaka mingi baadaye. Wapo wanaosema sinema si darasa la historia. Sawa, ila ukichagua jina la mfalme aliyeishi, umechagua na madeni yake.

Sasa Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, iliyopita tamasha la filamu la Toronto na mwaka uliofuata ikachukua Tanit ya dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la Carthage, Tunisia. Hii haihitaji msamaha wa picha. Vichochoro vya Unguja ya miaka ya 1950, mwanga unaoingia mlangoni, nguo ukutani, vyote vimepangwa na mtu anayejua anachokifanya. Lawama yangu ni nyingine. Waliosoma riwaya ya Adam Shafi kidato cha tano na cha sita wanamjua Denge, mpigania uhuru mwenye maneno, anayebishana na kuchekesha. Kwenye filamu Denge na mpenzi wake Yasmin wanatazamana mno. Ukimya umegeuzwa kuwa ufundi, na siasa iliyowaingiza hatarini imepungua mpaka mtu asiyesoma kitabu anajiuliza hasa wanagombea nini. Wanaoipenda wanasema riwaya nene haiingii katika saa moja na nusu, na ni kweli. Lakini mimi ningebadilisha mtazamano mmoja kwa mabishano mawili ya barazani.

Binti ya Seko Shamte, ya mwaka huohuo, ina ugonjwa tofauti: wanawake wanne, hadithi nne, muda usiofika hata saa moja na nusu. Tumaini na duka lake na deni linalomwandama angeweza kubeba filamu nzima peke yake. Unamwachia pale alipokuwa ameanza kukushika. Hata hivyo watu wake wanazungumza kama watu, na hilo tu linaiweka mbele ya filamu nyingi nilizoona.

Nilipofika kwa Oppenheimer ndipo mgawanyo wangu wa makosa ulipoanza kuyumba. Nyakati zinazobana zaidi katika saa zile tatu si za bomu. Ni za chumba chembamba cha mwaka 1954, meza, viti, na watu wanaomhoji Oppenheimer mpaka anaishiwa. Chumba kama hicho kipo hapa Arusha, kipo Kijenge, kipo Ngarenaro, kinakodishwa. Kumbe maneno yake hayakodishwi: yametokana na wasifu wa Oppenheimer uliochapishwa 2005, baada ya utafiti wa kama miaka 25. Muda nao ni hela. Zamani za DVD filamu yetu moja ilikatwa sehemu ya kwanza na ya pili ili ziuzwe diski mbili, na hadithi ikavutwa ifike. Leo soko limehamia kwenye tamthilia za televisheni, anayelipwa kwa sehemu anaandika sehemu. Uvivu ninaoulaumu wakati mwingine ni mkataba.

Najua hilo, na bado nikilipa kiingilio sipewi punguzo la uzalendo. Mwandishi mwenye mkataba mbaya namhurumia. Mwenye dola milioni 200 sina cha kumwambia. Binti nitairudia kwa ajili ya Tumaini. Mufasa, mwanangu akiililia tena, atakwenda na mama yake.