Kisima kikinuka petroli, msitupimie wadudu

Karatasi ya majibu imekuja na mstari mmoja: maji hayana vimelea, yanafaa kwa matumizi. Kisima chenyewe kiko mtaani kwetu, Mwanza, upande wa Nyakato, nyuma ya sheli, na kimekuwa kikinuka petroli tangu masika. Mama mwenye kisima aliisoma, akaikunja, akamwambia kijana aliyeileta: "Mwanangu, mimi sikuuliza kama maji yana wadudu. Nimeuliza kama yana mafuta." Akajibiwa kwamba kipimo hicho hakikuombwa.

Nimekasirika na sijapoa. Nilikuwepo sampuli ilipochukuliwa. Ndoo ilishushwa, maji yakamiminwa kwenye chupa ya plastiki ya maji ya dukani, ikajaa nusu, ikafungwa nyuma ya pikipiki juani saa saba mchana. Hata maabara ingeambiwa itafute benzeni, kemikali ya sumu iliyomo ndani ya petroli, ingekuta nini? Benzeni huruka hewani upesi. Sampuli yake hutiwa kwenye chupa ndogo ya kioo, ikajazwa mpaka mdomoni pasibaki hata kiputo cha hewa, ikawekwa kwenye boksi la barafu na kuwahishwa maabara. Kwa chupa ile iliyojaa nusu, majibu mazuri yalikuwa yameshaandikwa kabla pikipiki haijawashwa.

Na benzeni si kitu cha kukisia. Inasababisha saratani ya damu. Hilo halina ubishi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 10 kwa lita moja ya maji ya kunywa. Chukua petroli yenye asilimia 1 tu ya benzeni: lita moja ina kiasi cha gramu 8, na hizo zinatosha kufikisha lita 800,000 za maji kwenye kikomo hicho. Kuchemsha, ushauri tunaopewa kwa kila kitu, kunaua wadudu. Mvuke wa petroli unakuja kukusubiri jikoni.

Lakini hata chupa ya kioo peke yake isingetosha, na hapa ndipo ninapoomba wahusika wanisikilize. Kupima kisima kimoja kunakwambia hali ya kisima kimoja. Swali la mtaa ni mafuta yametoka wapi, yamefika wapi na yanaelekea kwa nani. Tangi la chuma likishaoza kwa kutu, au kiungo cha bomba kikilegea, petroli hushuka taratibu. Nyingine hunasa udongoni, nyingine hugeuka mvuke na kutafuta njia ya kupanda, hata kupitia sakafu ya nyumba. Inayobaki hufika kwenye maji ya ardhini na kuelea juu yake kama mafuta juu ya mchuzi, huku benzeni ikiyeyuka kidogo kidogo na kusafiri na maji. Mvua zikinyesha maji hupanda, yakiinua mafuta na kuyapaka kwenye udongo wa juu. Kiangazi yote hushuka tena. Ndiyo maana harufu huja na kupotea. Anayepima Agosti na kusema tatizo limekwisha amepima kiangazi.

Halafu hii ni Mwanza. Tunaishi juu ya majabali. Udongo wetu sehemu nyingi ni mwembamba, na chini yake maji hupita kwenye nyufa za mwamba, wala ufa haufuati mteremko unaouona barabarani. Mafuta yanaweza kuruka kisima cha jirani wa karibu na kuibukia kwa mtu wa mbali ambaye hajawahi hata kuiona hiyo sheli. Kwa hiyo lazima yachimbwe mashimo ya uchunguzi, angalau matatu yasiyokaa kwenye mstari mmoja, maji yapimwe kina katika kila shimo ili mwelekeo wake ujulikane, udongo uchukuliwe kila kina, na vipimo virudiwe masika na kiangazi. Kwenye mwamba kama wetu, hata matatu ni mwanzo tu.

Mtaniambia ni gharama. Ni gharama kweli, sikatai. Lakini Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inasema mchafuzi ndiye anayelipa, haikusema mwenye kisima. Na dalili ya kwanza haihitaji hata mtambo wa kuchimba: sheli hupima tangi kwa kijiti na kuandika daftarini. Tofauti ya lita 20 kwa siku kati ya mafuta yaliyouzwa na yaliyopungua tangini ni lita 7,300 kwa mwaka. Daftari hilo liko wapi, na nani amelisoma?

Nakubali pia, kwa shingo upande, kwamba baadhi ya sheli mpya zinafukia matangi yenye kuta mbili na vifaa vya kugundua uvujaji. Vizuri. Mimi nasema kuhusu zile za zamani, na zile zilizofungwa zikageuzwa gereji au fremu za maduka, matangi yakiwa bado chini. Marekani iliweka kanuni za matangi ya chini ya ardhi mwaka 1988, na tangu hapo imethibitisha uvujaji zaidi ya mara 500,000. Sisi hatuna sababu ya kuamini chuma chetu hakishiki kutu.

Msituambie tutumie maji ya bomba. Tunayatumia yanapotoka. Kwenye mgao kisima ndicho kinachopika na kuogesha watoto, na maji ya milima hii, ya juu na ya chini, mwisho wake ni ziwani.

Mtaa umeandika barua kwa ofisi ya kanda ya NEMC, baraza la mazingira la taifa, na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, nakala EWURA, mdhibiti wa nishati na maji. Tunaomba mambo manne: daftari la vipimo vya tangi lifunguliwe, tangi na mabomba yajaribiwe kwa presha, mashimo yachimbwe kabla ya vuli kuanza, na majibu yote yabandikwe ofisi ya serikali ya mtaa. Mpaka hapo familia zinazochota pale ziletewe maji kwa boza, bili apelekewe mwenye sheli.